Sinia la Watu Watatu

Mimi ni mpishi, si mpiga picha, na hilo nataka lieleweke kabla sijafika mbali. Miaka thelathini na moja nimepika kwenye hoteli za Diani. Nilianza kwa kusugua masufuria, nikamaliza nikiwa ndiye anayeonja mchuzi kabla haujatoka jikoni. Wageni walikuwa wakikipiga picha chakula changu mpaka kinapoa, na mimi nasimama nyuma ya mlango nikinung'unika, maana chakula kimepikwa kiliwe, hakikupikwa kitazamwe. Basi mimi huyo huyo, Tsofa, mzee wa miaka sitini na mbili, ndiye niliyekuja kupanda juu ya stuli nyumbani kwangu ili nipige picha wali. Usiseme kamwe hutafanya jambo.

Nyumba yangu iko Bodo, karibu na mikoko. Kwetu hasa si hapa. Kwetu ni huko juu Kinango, kwa wafuga ng'ombe, ambako mvua huja siku ikijisikia. Kiwanja hiki tulinunua na mke wangu Kache tukiwa bado na nguvu, tukasema tutazeekea hapa. Yeye hakuwahi kuzeeka. Alifariki Oktoba iliyopita, akaniachia vyumba vitatu na jiko la nje. Majirani walifanya yote ya kufanywa, walileta vyakula, walikaa nami mkekani. Arobaini ilipokwisha kila mtu akarudi kwake, na ndivyo dunia ilivyo. Nami si mtu wa kubisha hodi kwa watu wakati wa kula. Nina kiburi, Kache alikuwa akiniambia kila siku, na mimi nilikuwa nikimwambia ni heshima.

Mtoto tunaye mmoja, Mbeyu. Yuko Doha, anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, mwisho wake Novemba ya mwaka huu. Mamake alipofariki hakuwahi maziko. Alinipigia simu akilia, akaniambia, "Baba, narudi. Siwezi kukuacha peke yako." Na kuukata mkataba katikati maana yake nauli ujilipie mwenyewe, barua ya kazi usipewe, na miezi yote uliyosimama juu ya pasi iende na maji.

Nikamwambia siko peke yangu. Wakati ule ilikuwa kweli. Chande, mtoto wa mdogo wangu, alikuwa amekuja na mkewe Rai kukaa nami, na tulikuwa tukila pamoja, sinia moja, watu watatu. Mbeyu akatulia. Akasema, "Basi Baba, nitavumilia mpaka Novemba."

Masika yalipokaribia, Chande akaniaga. Wakwe zake wa Kikoneni wana shamba, na hapakuwa na mtu wa kulilima. Sikumlaumu. Kijana mwenye mke hawezi kukaa akimlinda mzee asiyeumwa. Nilimwomba neno moja tu, kwamba Mbeyu akimpigia aseme bado yuko Bodo. Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, baba mkubwa," kwa sauti ya mtu asiyependa anachoambiwa.

Basi hapo ndipo uongo ulipoanza, na sina wa kumsingizia. Nilikuwa nikitaka kitu kimoja: mtoto wangu amalize kazi yake vizuri, halafu Novemba apande ndege aje nyumbani. Ilikuwa miezi minane. Nikasema mwanamume aliyesimama mbele ya majiko ya moto miaka thelathini na moja hashindwi na miezi minane.

Ijumaa ni siku yake ya mapumziko. Kila Ijumaa alikuwa akiniambia, "Baba, nitumie picha ya chakula chenu nile kwa macho." Video kwetu Bodo haikubali, sura ya mtu hukwama mdomo wazi kama aliyemezwa na jini. Sauti hupita na picha hupita. Nikaanza kutuma picha.

Zilikuwa mbaya, wallahi. Nilikuwa nikipigia chumbani, dirisha nimefunga kwa sababu ya nzi, taa ndefu ya dari nimeiwasha, na simu yenyewe nayo inamulika kama askari wa doria. Mchuzi wangu wa kamba, uliowahi kumfanya mzungu mzima alambe kijiko mbele ya mkwewe, ulitoka rangi ya majivu. Wali ulikuwa doa jeupe. Juu ya vyote kulikuwa na kivuli cha kichwa changu.

"Baba, mbona mnakula gizani?" Mbeyu akauliza Ijumaa ya kwanza. Ijumaa ya pili akasema, "Sioni kitu hapa. Mnakula kweli nyinyi? Chande yuko wapi?" Ijumaa ya tatu hakuuliza lolote. Aliniambia tu, kwa upole, kwamba ameanza kuulizia tiketi.

Sikulala vizuri siku zile. Kulipokucha Jumatatu nikaenda Ukunda kwa Caroline, binti wa Kikamba anayepiga picha za pasipoti kwenye kibanda kimoja karibu na stendi. Nikamwambia simu imeharibika, kamera haioni, aitengeneze.

Akaipokea, akaigeuza, akakitazama kile kioo kidogo cha kamera. "Mzee, hii simu ulikuwa unaikaanga?"

Kioo kilikuwa kimeganda mafuta ya vidole vyangu, mafuta ya nazi na ya samaki, tangu siku Mbeyu aliponitumia simu hiyo. Akakifuta kwa kitambaa, akanirudishia.

"Sasa simu iko poa," akasema. "Shida imebaki ni wewe."

Nilitaka kuondoka. Mimi niambiwe hivyo na mtoto aliyezaliwa nikiwa tayari naamrisha jiko? Lakini nilikumbuka tiketi, nikavuta kiti, nikakaa. Akatoa andazi moja la chai yake kwenye karatasi, akaliweka juu ya kisahani mlangoni.

"Flashi zima. Taa ya dari pia zima, hizo zinaua chakula. Tafuta dirisha. Mwanga ukuje kwa ubavu, si kwa uso. Na usisimame kati ya dirisha na sahani, wewe ndio unaleta giza."

Akapiga. Andazi lilikuwa zuri upande mmoja, upande wa pili jeusi. Kisha akachukua karatasi nyeupe, akaisimamisha upande ule wa giza, akapiga tena. Mwanga wa mlango uligonga karatasi ukarudi, na giza likalainika, nikaona vitobo vidogo vya hamira na chembe ya iliki iliyosagwa nusu. Nimekaanga maandazi maelfu na sikuwahi kuliona moja namna ile.

Akanifundisha na kupanga. Mimi nimezoea kujaza, wali ufike ukingoni, kwa sababu kwetu sinia lenye nafasi ni aibu ya mwenye nyumba. Yeye akasema acha ukingo uonekane, jicho lipate pa kupumzikia. Akasema kitu kilicholala kama sinia kipigwe kutoka juu, na kitu kilichosimama kama bakuli la mchuzi, shuka nacho mpaka muwe usawa mmoja. Kisha akazipitia picha zangu za zamani na kunionyesha vilivyomo: chupa ya mafuta ya taa, ndara moja, mkia wa paka. "Hivi vyote mlikula?" akaniuliza. Msichana ana ulimi.

Nilirudi Bodo nikafanya kazi kama niliyeajiriwa. Nikafungua dirisha la mashariki, na jua lilipoingia kali likichoma kila kitu, nikatungika chandarua cha zamani mbele yake. Mwanga ukapoa, ukawa laini. Upande wa pili nikatandika shuka jeupe juu ya kiti. Katikati mkeka, juu ya mkeka sinia. Nikapanda stuli nipige kutoka juu, na hapo mwili ukakataa. Kusimama juu ya chakula kwetu ni adabu mbovu, mtoto akifanya hivyo hupata kofi. Nikasema, "Niwieni radhi," kwa sauti kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kuniwia radhi.

Picha ilitoka safi. Mbeyu akafurahi, lakini mtoto wa mpishi ni mtoto wa mpishi, jicho lake halidanganyiki kirahisi. "Nzuri sana, Baba. Mbona hakuna aliyeanza kula? Wiki ijayo nipigie picha mkiwa mnakula."

Sasa wewe unajua sinia linavyoliwa. Kila mtu ana upande wake, anachota mbele yake, hapeleki mkono kwa mwenzake. Sinia lililoliwa na watu watatu lina mashimo matatu. Basi Ijumaa iliyofuata nikakaa upande wangu nikala. Kisha nikahamia upande wa Chande, nikala kama anavyokula yeye, matonge makubwa, shimo pana. Nikahamia upande wa Rai, nikachota kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, na kuacha mchicha wote kwa sababu Rai hapendi mchicha. Nikaweka bilauri tatu za maji, moja nikainywa nusu. Nilipomaliza kupanga nikakaa tena mahali pangu na kabla sijajizuia nikasema, "Karibuni." Nikasikia sauti yangu inavyokwenda mpaka ukutani. Niliona aibu. Baada ya aibu nikaona uchungu, uchungu wenyewe, na wali nikaula hivyo hivyo.

Mbeyu alinijibu kwa sauti, na sauti ile bado ninayo. "Baba, leo naona hata chembe moja moja. Naona tui linavyong'aa. Naona Rai bado anaukwepa mchicha. Moyo wangu umetulia sana, Baba." Niliisikiliza mara nne. Nilifurahi, na ile furaha ikanikaba kuliko njaa.

Ikaendelea hivyo Mei, Juni, Julai. Siku nyingine za wiki nilikuwa nakunywa chai na mkate mkavu, nimesimama jikoni. Mkono wangu haujui kupika kwa mtu mmoja, kila nikipima wali unatoka wa watu kumi, na kumwaga chakula ni dhambi. Paka wa jirani alinenepa mpaka mwenye paka akauliza anakula wapi. Lakini Ijumaa ilikuwa sikukuu. Alfajiri naenda kuwangoja wavuvi nipate samaki mzuri, saa nne dirisha linakuwa na mwanga ninaoutaka, saa tano picha imefika Doha. Nisikufiche, nilianza kuringa. Nilijua sasa kwamba mchuzi wa nazi ukingoja hufanya ngozi, upigwe ukiwa wa moto. Nilijua kwamba kipande kimoja cha ndimu pembeni kinatosha na viwili ni makelele. Nilijua kuzungusha sinia mpaka kivuli kiangukie upande unaopendeza. Na baada ya kupiga nilikuwa nakaa naitazama picha, watu watatu wanakula mchana wa Ijumaa, na kwa dakika mbili tatu naamini.

Mwezi wa Agosti nilipita tena kwa Caroline nikamwonyesha. Alizipitia zote polepole.

"Mzee, umeiva," akasema. "Lakini imebaki kitu moja. Picha yako ni safi na imekufa. Hakuna mtu. Weka mkono wa mtu akichota, picha itapumua." Akanirudishia simu. "Si uko na watu kwako?"

"Ninao," nikasema. Nikawa nimemdanganya na yeye, bila sababu.

Ijumaa ile nilipata samaki, tafi wawili, wanono. Nikawabanika juu ya makaa, nikawapaka tui zito la ukwaju na pilipili mpaka wakashika rangi, nikawalaza juu ya wali. Chandarua dirishani, shuka kitini, ndara nje, paka nje. Mashimo matatu nikayachimba. Safari hii sikupanda stuli. Nilipiga magoti upande wa Chande, simu mkononi, nikanyoosha mkono mwingine hadi kwenye shimo la Chande, vidole ndani ya wali, kama mtu anayefinya tonge. Nikapiga. Nikaikagua kama nilivyokuwa nikikagua sahani kabla haijatoka jikoni. Mwanga mzuri. Ukingo safi. Kivuli laini. Mkono umekaa vizuri, mishipa inaonekana, chembe za wali zimeng'ang'ania vidoleni. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikaituma.

Simu ikalia kabla sijakaa mahali pangu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona?"

"Nimeiona. Ni nzuri sana. Huo mkono ni wa nani?"

"Wa Chande."

"Chande siku hizi anakula kwa kushoto?"

Nikautazama mkono wangu. Mkono wa kulia ulikuwa na simu sikioni, kama ulivyokuwa na simu wakati napiga, kama ulivyokuwa nayo kila Ijumaa. Wa kushoto ulikuwa mapajani na chembe za wali bado zimeushika. Mimi mtu mzima, mtu wa pwani hii, nimeutia mkono wa kushoto kwenye sinia la watu na sikuona. Mwenye mtu nyumbani hafanyi kosa lile. Angekuwepo mtu hata mmoja, angepiga kelele kabla vidole havijafika.

"Ameumia wa kulia," nikasema. "Alijikata na jembe."

"Baba." Hakuipandisha sauti. "Hakuna mtu atakayetia mkono wa kushoto sinia moja na wewe ukiwa umekaa hapo. Hata akiwa hana wa kulia, atalishwa. Mimi ulinipiga kofi kwa hilo nikiwa na miaka mitano. Huo ni mkono wako. Wa kulia umeshika simu, kwa sababu hapana mtu wa kukushikia."

Njia ya mwongo ni fupi. Nilikaa chini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu masika."

"Na hizo pande tatu?"

"Ni mimi."

"Zote?"

"Zote."

Nilingoja alie. Hakulia, na afadhali angelia, maana kilio nakijua namna ya kukituliza. Nikaona nimwahi kabla hajazungumzia tiketi. Nikamwambia, "Usiukate mkataba, mama. Nilifanya hivi kwa ajili yako. Imebaki miezi mitatu tu. Novemba si mbali, utakuja, chumba chako nimekipaka chokaa."

Akavuta pumzi. "Baba, mimi nilitia sahihi Jumapili."

"Sahihi ya nini?"

"Miaka miwili mingine. Waliniita ofisini wakaniuliza, na mimi nilikuwa nataka kukataa. Nikakaa nazo picha zako wiki nzima, nikazitazama zote, moja baada ya moja. Nikaona nyumba ina mwanga, chakula kizuri, watu wanakula. Nikasema Baba hayuko peke yake, hanihitaji nirudi haraka. Leo ndiyo nilikuwa nikwambie."

Nilitaka kusema vyema, umefanya vyema mwanangu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nimeshazoea. Lakini nilikitazama kile chakula, samaki wawili kwa mtu mmoja, na yale mashimo yangu, nikashindwa.

"Nataka urudi," nikasema. "Nyumba hii kubwa, Mbeyu. Sina mtu wa kula naye. Nataka urudi nyumbani." Tangu mamake alipofariki sikuwahi kumtamkia neno hilo, wala sikujitamkia mwenyewe.

Nilisikia mtu akicheka huko kwao, mlango ukafungwa.

"Ungeniambia wiki jana, Baba," akasema.

Hakukata simu, nami sikukata. Tulikaa hivyo mpaka bando langu likaisha.